Pango la Kuumbi: Historia ya Unguja Haihitaji Kuku wa Asia

Kusini mashariki mwa Unguja, ndani kidogo kutoka Jambiani, kwenye ardhi ya maweni ambako jembe haliingii, liko pango la Kuumbi. Wenyeji wanalijua tangu enzi za mababu, na wapo wanaoliheshimu kama mahali pa tambiko. Wanaakiolojia wamelichimba kwa awamu tangu 2005. Walichokitoa humo ni kumbukumbu ndefu kuliko nyingine yoyote iliyopatikana katika visiwa vya Afrika Mashariki, maisha ya watu na wanyama yanayorudi nyuma karibu miaka 20,000.

Lakini ukilitaja pango hilo mbele ya watu wanaofuatilia historia ya pwani, mazungumzo hayachukui muda kugeukia kuku. Je, kuku wa Asia alifika Unguja miaka 5,000 iliyopita, au hakufika? Kwa takriban miaka ishirini swali hilo limewagawa wasomi, limejaza kurasa za majarida, na limewafikia wananchi wa kawaida likiwa limevaa sura ya uzalendo. Anayemkubali kuku anaonekana mtetezi wa Afrika, anayemkataa anashukiwa. Nasema mapema ninaposimama: kuku wa miaka 5,000 hayupo, ushahidi umemkataa, na tukimwacha hatupotezi chochote chetu. Tunachokipoteza kwa kumng'ang'ania ni kikubwa zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuitazame Unguja kabla haijawa kisiwa. Miaka 20,000 iliyopita, Zama za Barafu zilipokuwa zimeshika kasi, maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa katika barafu za kaskazini na kusini, na bahari ilikuwa imeshuka kiasi cha mita 120 chini ya usawa wa leo. Mkondo unaotenganisha Unguja na Bara hauna kina cha kutisha. Sehemu kubwa yake ni makumi machache tu ya mita. Kwa hiyo wakati huo hapakuwa na mkondo. Palikuwa na nchi kavu, na mtu angeweza kutoka panapoitwa leo Bagamoyo akafika panapoitwa leo Jambiani kwa miguu, akipita mbuga na vichaka, bila kulowesha unyayo isipokuwa kwenye mito.

Na alikuwa akipita na wanyama. Katika matabaka ya chini ya Kuumbi imepatikana mifupa ya pundamilia, nyati, kuro na tohe. Tafakari jambo hilo kidogo. Pundamilia Unguja! Hakuletwa na sultani kwa ajili ya bustani yake. Alizaliwa huko, akachungia huko, akawindwa huko. Wawindaji waliomleta pangoni waliacha vipande vya mawe ya kwatsi walivyovichonga kuwa zana, na maganda ya konokono wakubwa wa nchi kavu, ambao bila shaka walikuwa chakula.

Karibu miaka 13,000 iliyopita, watu wa pango hilo waliacha pia kitu ambacho mimi nakiona kuwa cha thamani kuliko shanga zote za kioo zilizowahi kufukuliwa pwani: zana saba za mfupa. Tano ni ncha za silaha, moja ni msumari wa kutobolea, na moja ni bomba dogo la mfupa lililokatwa alama za mistari. Waliozichunguza ncha hizo waliona kwamba ni nyembamba mno kumwangusha mnyama mkubwa kwa nguvu ya pigo peke yake, wakahitimisha kwamba yaelekea zilikuwa ncha za mishale ya sumu. Fikiria maarifa yanayohitajika hapo. Lazima uujue mti wenye sumu, ujue ni sehemu gani ya mti huo, uipike kwa muda gani, uipake vipi isikudhuru wewe mwenyewe, na umfuate mnyama kwa subira mpaka aanguke. Nyama nayo lazima ijulikane inaliwa vipi baada ya hapo. Elimu hiyo yote ilikuwa vichwani mwa watu walioishi kwenye ardhi ambayo leo tunaiita kisiwa cha marashi.

Kisha barafu ikayeyuka. Bahari ikapanda, mwaka hadi mwaka, kizazi hadi kizazi, na mwanzoni mwa kipindi cha joto tulichomo mpaka leo, Unguja ikakatika kutoka Bara. Wanyama wakubwa hawakupotea siku moja. Kisiwa kidogo hakiwezi kulisha kundi la pundamilia na nyati kwa milenia nyingi: malisho ni machache, damu inarudi kwenye damu, ukame mmoja mkali unatosha. Kadiri milenia zilivyopita walitoweka mmoja baada ya mwingine. Waliobaki ni wale wanaoridhika na msitu mdogo, kama paa nunga na kima punju wa Jozani, na chui, ambaye alidumu Unguja hadi karne ya 20, akasakwa kwa bidii baada ya Mapinduzi kwa kuhusishwa na uchawi. Anayemtazama kima punju leo anatazama mabaki ya daraja la ardhi lililozama.

Hiyo ndiyo hadithi iliyomo Kuumbi. Sasa niseme kuku aliingiaje.

Kwa miongo mingi, akiolojia ya pwani ilikuwa mikononi mwa watu walioamini kwamba miji ya Waswahili ilianzishwa na wageni. James Kirkman aliyechimba Gede kuanzia 1948, na Neville Chittick aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, walikuwa wachimbaji hodari, lakini macho yao yalikuwa yameelekea Uarabuni na Uajemi. Mwafrika katika simulizi lao alikuwa mpokeaji. Kizazi kilichofuata kikapindua meza. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mbele katika kazi hiyo. Katika miaka ya 1990 alionyesha kwamba ufinyanzi wa wakulima na wafua chuma walioishi pwani ya Tanzania katika karne za mwanzo baada ya Kristo ndio uliozaa ufinyanzi wa makazi ya karne ya 6 na kuendelea, yale yaliyokuja kuwa miji. Miji haikushushwa kutoka jahazini. Iliota kutoka vijijini. Hoja hiyo imesimama, na kila anayeandika leo kuhusu Waswahili anaitegemea, akimtaja au asipomtaja.

Chami hakuishia hapo. Mwaka 2001 alichapisha matokeo ya pango jingine la Unguja, Machaga, akisema amepata mifupa ya kuku yenye umri wa karibu miaka 5,000. Mwaka 2005 yeye na wenzake, akiwemo Abdurahman Juma wa Zanzibar na Paul Sinclair wa Uppsala, wakachimba Kuumbi, na hoja ya mifugo ya kale na mawasiliano ya kale na Asia ikapanuka. Kama ingekuwa kweli, ingekuwa tetemeko. Kuku asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki. Kuku akiwa Unguja takriban mwaka 3000 kabla ya Kristo, basi watu wetu walikuwa katika biashara ya bahari kuu wakati Misri inaanza kuwa na mafarao. Nani asingependa jambo hilo liwe kweli? Hata mimi ningelipenda.

Tatizo ni mkaa. Upimaji wa kaboni 14 hueleza mti ulikufa lini. Hausemi mfupa uliokaa jirani na mkaa huo ulifika lini. Nusu ya kaboni hiyo huoza kila miaka 5,730, na mizani ya maabara haikosei sana katika kuhesabu. Inayokosea ni sakafu ya pango. Kaa huchimba, panya huchimba, mizizi hupenya, na binadamu ndiye mchimbaji mkubwa kuliko wote, kwa sababu huwasha moto, huzika maiti, huchimba shimo la taka. Katika sakafu ya namna hiyo, mfupa wa jana unaweza kuteremka ukalala bega kwa bega na mkaa wa miaka elfu tano. Kuutumia mkaa kuupa mfupa umri ni kama kumkadiria abiria umri wake kwa kumtazama aliyeketi naye kwenye daladala.

Dawa yake ni kuupima mfupa wenyewe. Lakini hapa nchi yetu ya joto na unyevu inatukwamisha: kolajeni, ile protini inayobeba kaboni ndani ya mfupa, huoza upesi katika tropiki, na mara nyingi mfupa hupelekwa maabara ukarudi bila jibu. Wachunguzi hugeukia maganda ya konokono, nayo yana hila yake. Konokono anayeishi juu ya maweni hula chokaa ya mwamba ambao kaboni yake ni ya kale mno, isiyo na mionzi hata chembe, na hivyo ganda lake husoma umri mkubwa kuliko umri wake halisi. Chaza na kombe wa baharini nao hubeba kaboni kongwe ya maji ya bahari. Kila kipimo kina uongo wake mdogo, na ustadi wa mwanaakiolojia ni kuujua uongo huo na kuupunguza.

Tatizo la pili ni mfupa wenyewe. Kuku, kanga na kwale ni ndugu. Ukishika mkononi kipande cha mguu kilichovunjika, cha ukubwa wa njiti ya kiberiti, kutenganisha kuku na kanga kwa macho ni kazi ambayo hata mtaalamu wa mifupa huibishania. Na kanga hakuhitaji jahazi. Ni ndege wa kwetu.

Mwaka 2012 timu ya mradi wa Sealinks, uliokuwa chini ya Nicole Boivin aliyekuwa Oxford wakati huo, ilirudi Kuumbi. Ilichimba upya, ikapima umri kwa mkaa, kwa maganda, na kwa mwanga ulionaswa ndani ya chembe za udongo. Matokeo yaliyotoka 2016 yalichora picha tofauti: wawindaji wa Zama za Mawe za Mwisho mwishoni mwa Zama za Barafu, kisha pango kuachwa baada ya kisiwa kukatika, kisha watu kurudi katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, Zama za Chuma. Katikati hapakuwa na mifugo. Mwaka uliofuata, 2017, Mary Prendergast na wenzake wakatoa uchunguzi wa mifupa kutoka maeneo 22 ya Afrika Mashariki, safari hii wakitumia vinasaba na alama za kolajeni kumtambua mnyama, na kaboni 14 ya mfupa wenyewe kumpa umri. Kuku na panya mweusi, wageni wawili wa Asia, walionekana kufika karibu katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Siyo kabla.

Wapo waliosema huu ni mwendelezo wa zamani, wazungu kurudi kufuta walichoandika Waafrika. Ningelielewa dai hilo kama kuku wa Afrika peke yake ndiye angepimwa upya. Mwaka 2022 watafiti walipima upya mifupa 23 ya kuku waliodaiwa kuwa wa kale kabisa kutoka Ulaya na kaskazini magharibi mwa Afrika, na wengi walionekana kuwa wa juzi kulinganisha na umri waliopewa. Kuku wa Ulaya waliodaiwa kuwa na miaka 7,000 walianguka vilevile. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba mifupa ya kale kuliko yote ambayo bila shaka ni ya kuku wa kufugwa inatoka Ban Non Wat, Thailand ya kati, na umri wake ni kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Maana yake ni kwamba kuku wa Machaga angekuwa amefugwa Unguja zaidi ya miaka elfu moja kabla hajafugwa kwao. Hapo hoja imefika mwisho wa barabara.

Hayo hayamfanyi Chami kuwa mzembe, na naudhika ninapoona watu wakimzungumzia hivyo. Timu yake ndiyo iliyoufungua mlango wa Kuumbi. Mbinu za kutambua mnyama kwa kolajeni hazikuwa zimezoeleka alipokuwa akichimba. Na wale waliokuja 2012 walikuja kwa sababu 2005 kulikuwa na jambo la kubishaniwa. Sayansi ya akiolojia huenda hivyo, mmoja hutoa dai kubwa, mwingine huja kulipima, na nchi hubaki na maarifa zaidi kuliko ilivyokuwa nayo mwanzo.

Kinachonisumbua ni sababu iliyotufanya tumtake kuku kiasi kile. Simulizi la wakoloni lilisema pwani ilianza pale mgeni alipofika. Hoja ya kuku ililijibu kwa kusema mgeni alifika mapema zaidi, miaka 3,000 na ushee mapema zaidi. Lakini bado mgeni ndiye saa tunayosomea wakati wetu. Bado kisiwa kinakuwa na historia siku kilipounganishwa na Asia, na kabla ya hapo ni giza. Tulipokea mizani ya Kirkman na Chittick, tukabishana juu ya uzito tu.

Watu wa Kuumbi wanaikataa mizani hiyo. Hawakuhitaji kuku. Waliishi Unguja wakati hapakuwa na mji hata mmoja duniani, iwe Misri, iwe Uchina, iwe kwenye mito ya Iraki. Waliona bahari ikipanda. Waliona, au watoto wa watoto wao waliona, nchi kavu ikigeuka mkondo. Na ukitaka kuwaweka katika jamii yao, huna haja ya kuvuka bahari: nenda Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, pango la pwani ya Kenya ambako watu wameishi kwa miaka 78,000, na ambako mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu alizikwa amelazwa ubavu, miguu imekunjwa, kwa uangalifu unaoonyesha kwamba waliomzika walimlilia. Kaburi hilo ndilo la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Pwani yetu ina mlolongo huo. Kwa nini basi mwanafunzi wa Tanzania anafundishwa Zinjanthropus wa Olduvai wa 1959, kisha anarushwa moja kwa moja hadi kwenye ujio wa Waarabu na Washirazi, kana kwamba kati ya bonde na bandari hapakuwa na mtu?

Lipo jambo gumu zaidi, nalo ni pengo. Kwa maelfu ya miaka baada ya kisiwa kukatika, Kuumbi haina watu. Wapo wanaolisoma pengo hilo kwamba Unguja ilikuwa tupu, na wapo wanaolisoma kwamba wachimbaji wa 2012 walikosea. Mimi nasita kwenye usomaji wa kwanza. Kuumbi ni pango moja, katika kona moja ya kisiwa, kwenye ardhi ya mawe. Watu wakihama pango hawajahama kisiwa. Bahari ilipokaribia, chakula kilikuwa ufukweni, yaani pweza, chaza, samaki wa miamba, na mtu mwenye akili hufuata chakula. Makazi ya ufukweni hujengwa kwa miti na makuti, juu ya mchanga unaohama, na hayaachi alama nene kama pango linavyoacha. Ukimya wa Kuumbi unatuambia habari za Kuumbi.

Kuna ushahidi wa aina nyingine pia. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unaeleza kisiwa cha pwani hii kinachoitwa Menouthias: kiko chini, kina miti, ndege na kobe, hakina wanyama wakali isipokuwa mamba, na kina mitumbwi ya kuchonga na vyombo vya kushonwa vya kuvulia samaki na kasa, pamoja na madema ya kutegea samaki kwenye mikondo ya maji. Wasomi wanabishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Kwa hoja yangu haidhuru. Kinachonivutia ni kwamba baharia huyo anaeleza kisiwa kisicho na wanyama wakali na chenye wavuvi, na wavuvi hao wanashona vyombo vyao kwa namna ambayo mafundi wa mtepe waliendelea nayo mpaka karne ya 20. Karne tano au sita kabla ya kuku, visiwa vilikuwa na watu wa bahari.

Na kisha kuna vinasaba, ambavyo naona ndivyo vilivyobadilisha kila kitu, ingawa havikupigiwa kelele. Mwaka 2017 ulitoka uchunguzi wa vinasaba vya watu wa kale wa Afrika, na miongoni mwao alikuwemo mtu mmoja kutoka Kuumbi na mwingine kutoka pango la Makangale, kaskazini magharibi mwa Pemba. Wote wawili waliishi takriban miaka 1,300 hadi 1,400 iliyopita. Wote wawili hawakuwa wa ukoo wa wakulima wa Kibantu waliokuwa wameshaenea pwani. Vinasaba vyao viliwaweka pamoja na wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki, katika safu moja na watu wa kale wa Malawi na Wahadza wa bonde la Eyasi. Mtu mwingine wa Pemba aliyeishi karne kadhaa baadaye tayari alikuwa na nasaba ya Kibantu.

Sasa unganisha hilo na ramani. Mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu, unafika kiasi cha mita 800. Hata bahari iliposhuka mita 120, Pemba ilibaki kisiwa. Ndiyo maana ina ndege wanne wasiopatikana kwingineko duniani. Hakuna mtu aliyewahi kwenda Pemba kwa miguu. Kwa hiyo mwindaji wa Makangale, au wazazi wake, au wazazi wa wazazi wake, walivuka bahari kuu kwa chombo. Tumezoea kuwafikiria wawindaji kama watu wa porini wasiojua maji, na kuwaachia ubaharia wageni na wafanyabiashara. Mtu huyu mmoja wa Makangale anatulazimisha tufikiri upya. Ama walikuwa na mitumbwi yao wenyewe, ama waliishi karibu na watu wenye vyombo kiasi cha kusafiri nao, na vyovyote iwavyo walikuwa sehemu ya maisha ya bahari katika karne zilezile ambazo Unguja Ukuu, bandari ya kale ya kusini mwa Unguja, ilikuwa ikipokea vyombo vya udongo kutoka Ghuba ya Uajemi.

Hili lina uzito hata katika mjadala wa siku hizi juu ya asili ya Waswahili. Vinasaba vya watu wa miji ya kale vilipochapishwa 2023 na kuonyesha mchanganyiko wa mama wa Kiafrika na baba wenye asili ya Uajemi kuanzia karibu mwaka 1000, mitandao iliwaka: nani aliyekuja, nani aliyekuta, nani wa nani. Katika kelele zote hizo sikusikia watu wa Kuumbi na Makangale wakitajwa. Lakini hao ndio waliokutwa. Mkulima wa Kibantu alipofika visiwani na mtama wake na tanuri lake la chuma, hakukuta visiwa vitupu; alikuta watu ambao maarifa yao ya msitu na ya mawindo hakuwa nayo. Wasasi wa kusini mwa Unguja, wanaowinda na mbwa kwenye maweni yaleyale, wanaendeleza kazi ambayo kisiwani hapo ni kongwe kuliko kilimo kwa maelfu ya miaka. Sidai kwamba wao ni wajukuu wa moja kwa moja wa watu wa Kuumbi. Nasema kwamba swali la nani alimfundisha nani kuwinda katika maweni ni swali la haki la historia ya Waswahili, na halijaulizwa kwa sauti ya kutosha.

Yapo mambo mawili ya kufanya ambayo hayasubiri wafadhili wakubwa. La kwanza ni lugha. Karibu kila nilichokitaja hapo juu kimechapishwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mwalimu wa sekondari wa Makunduchi hayafikii. Mtu anayetembeza wageni Kuumbi anastahili kusoma kwa Kiswahili taarifa ya pango analolionyesha, na mzee wa Jambiani aliyewaruhusu wachimbaji kuingia mahali pa tambiko lake anastahili kuambiwa, kwa lugha yake, walichokiona. Kibali cha uchimbaji kinachotolewa na Zanzibar kingeweza kuwa na sharti hilo: hakuna awamu ya pili bila taarifa ya Kiswahili ya awamu ya kwanza. Sharti hilo halimzuii mtafiti yeyote makini. Linamlazimisha tu aeleze.

La pili ni maabara. Mtoto wa Panga ya Saidi ilibidi asafirishwe akiwa ndani ya bonge la udongo mpaka Burgos, Hispania, ndipo mifupa yake ikafukuliwa kwa utaratibu. Vinasaba vya Kuumbi na Makangale vilisomwa nje ya bara hili. Simlaumu aliyevisoma, mfupa unaooza hausubiri siasa. Lakini kadiri kupima kunavyofanyika mbali, ndivyo shaka itakavyoendelea kuwepo nyumbani, na kila matokeo tusiyoyapenda yataitwa njama. Tungekuwa na maabara moja ya mifupa na kolajeni Dar es Salaam au Nairobi, inayohudumia kanda nzima na yenye vijana wetu mezani, mabishano ya kuku yangeisha ndani ya miaka mitatu badala ya kumi na sita. Siyo gharama ya kutisha kwa nchi zinazojenga reli.

Wakati huo huo ujenzi wa hoteli unaendelea kusini mashariki mwa Unguja, na mapango ya maweni hayako Kuumbi tu. Mengi hayajawahi kuchunguzwa hata kwa kupigwa tochi na mtu anayejua anachotafuta. Baadhi yana maji ya kunywa, baadhi yana makaburi, baadhi yana mizimu ya ukoo fulani, na baadhi yataishia chini ya saruji kabla ya kuandikwa jina. Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ikishirikiana na masheha inaweza kuanza na daftari tu: pango liko wapi, linaitwaje, linatumiwa na nani, lina udongo wa kina gani. Makunduchi, Jambiani, Paje, Kizimkazi, halafu Pemba yote. Pemba hasa, kwa sababu kila mfupa wa zamani utakaopatikana huko ni mfupa wa mtu au mnyama aliyefika kwa bahari, na jibu la lini watu wa pwani hii walijifunza kuvuka maji limo katika udongo wa Makangale na mapango mengine ya kisiwa hicho kuliko mahali pengine popote. Mimi ningeanzia huko, na ningetaka mkuu wa uchimbaji awe Mpemba.